Herbie Hancock alijiita "Mwandishi" au alitaka kusema "Mtunzi"? Majina ya Kiswahili kwenye santuri ya 1971

#1 Kalamu Butu
Wakuu, habari za usiku.

Nimerithi sanduku la santuri za marehemu baba mdogo. Katikati ya Mbaraka na Franco nikakuta moja imeandikwa "Mwandishi". Nikadhani ni hotuba. Kumbe ni Herbie Hancock, yule mpiga piano wa Chicago aliyekaa kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis kuanzia 1963 hadi 1968. Imetoka 1971, kampuni ya Warner Bros., vipande vitatu tu. Ni ile jazi ya umeme iliyochanganywa na roki, wenyewe wanaiita fyusheni.

Muziki bado sijauelewa, nakiri. Kilichonishika ni majina. Hancock ni "Mwandishi". Buster Williams wa besi ni "Mchezaji". Billy Hart wa dramu ni "Jabali". Eddie Henderson wa tarumbeta ni "Mganga". Bennie Maupin wa saksafoni na klarineti ya besi ni "Mwile". Julian Priester wa tromboni ni "Pepo Mtoto".

Hoja yangu: aliyewapa majina haya alifungua kamusi kwa papara. Anayetunga muziki ni mtunzi. Mwandishi ni wa habari, wa vitabu au wa vikao. Mchezaji yuko Uwanja wa Mkapa. Na huyo Pepo Mtoto atafutiwe shehe amsomee. Nani aliwafanyia hivi?

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kigoda.

#3 Tumba Nne
Mleta uzi, pole kwa msiba na hongera kwa urithi.

Aliyewapa ni James Mtume. Mtoto wa Jimmy Heath, mpiga saksafoni wa Philadelphia. Huyu kijana alikwenda California kusoma kwa udhamini wa kuogelea, akaingia kwenye kikundi cha Maulana Karenga, wale walioanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, mwaka 1966. Huko Kiswahili kilikuwa kama sare, kila mtu analivaa jina. Baadaye Mtume akapiga tumba kwa Miles mwenyewe.

Sasa angalia undugu ulivyo. Mpiga dramu wa Hancock kabla ya Billy Hart alikuwa Albert "Tootie" Heath, ambaye ni baba mdogo wa Mtume. Desemba 1969 walirekodi albamu inaitwa "Kawaida", na Hancock na Buster Williams wamo humo ndani. Yaani Kiswahili kilishaingia sebuleni kwa Hancock mwaka mzima kabla ya "Mwandishi".

#4 Kibaraza cha Mji Mkongwe
Assalaam aleikum jamani. Mtu anajiita Mtume na nyinyi mnaendelea tu na maongezi?

#5 Tumba Nne
@Kibaraza waaleikum salaam. Hata mimi nilishtuka. Wao walikuwa na maana ya mjumbe, aliyetumwa. Ndiye yule yule wa "Juicy Fruit" ya 1983, ule wimbo wa R&B. Amefariki Januari 2022.

#6 Kibaraza cha Mji Mkongwe
Mjumbe ni wa nyumba kumi. Mtume ni Mtume. Haya, endeleeni.

#7 Nairobi Mashariki
Watu wa Bongo mnapenda kusahihisha hadi waliolala makaburini. Hapa kwetu mtu "anacheza gitaa" na "anacheza muziki" na hakuna anayeshangaa. Kwa hivyo Buster Williams ni Mchezaji, anacheza besi, yuko sawa kabisa. Tatizo ni lenu.

#8 Kalamu Butu
@Nairobi Mashariki na nyinyi ndio mnaosema "pesa haziko". Kiswahili sanifu: gitaa HUPIGWA. Kinanda hupigwa. Besi hupigwa. Ngoma hupigwa, halafu wengine ndio wanaoicheza.

#9 Nairobi Mashariki
Zinapigwa zimekosa nini?

#10 FundiRedio
🤣🤣 #9 nimemwaga chai kwenye kibodi.

#11 Ngano Tatu
Wakuu naomba niongeze. Kwenye hii albamu kuna pia sinthesaiza, kile kinanda kinachounda sauti kwa umeme, zile sauti za anga za juu, na utangulizi maarufu wa kupuliza chupa kama mbilikimo wa Afrika ya Kati. Ni albamu bora ya karne.

#12 Tumba Nne
@Ngano Tatu umechanganya madawa. Zile sauti za anga unazozisikia kwenye "Mwandishi" ni piano ya umeme aina ya Fender Rhodes, imepitishwa kwenye mashine ya mwangwi. Sinthesaiza ilikuja albamu iliyofuata, "Crossings" ya 1972, pale Patrick Gleeson alipobeba Moog yake. Na chupa ni Bill Summers kwenye "Watermelon Man" ya "Head Hunters", 1973, chupa ya bia. Aliiga muziki wa Babenzele wa Jamhuri ya Afrika ya Kati.

#13 Ngano Tatu
Sawa mkuu, nimepokea. Lakini bado ni ya karne.

#14 Sauti ya Ng'ambo
Salaam kutoka Minnesota. Mimi huku niliwahi kufundisha Kiswahili cha jioni kwa watu wazima, wengi wao Wamarekani Weusi wa umri wa wazazi wangu. Darasa la kwanza tu niliambiwa majina: Imani, Kuumba, Nia, na bwana mmoja anaitwa "Simama". Nikamuuliza kwa nini Simama. Akaniambia, "Kwa sababu kabla yake nilikuwa nimekaa." Sikusahihisha mtu tena tangu siku ile.

Mleta uzi unachukulia jina kama mtihani wa darasa la saba. Wao walikuwa wanavua jina la mwenye shamba la pamba. Ukivua kitu cha namna hiyo hukagui ngeli kwanza.

Halafu tazama mwaka. Kipande cha kwanza, "Ostinato", kimeandikwa kuwa ni kwa ajili ya Angela. Ni Angela Davis, mwanaharakati Mmarekani Mweusi. Alikamatwa New York Oktoba 1970, akarudishwa California Desemba ile ile. Hii santuri imerekodiwa San Francisco, studio za Wally Heider, tarehe 31 Desemba 1970. Jela ya Marin alikowekwa ni ng'ambo ya daraja tu. Fikiria mkesha wa mwaka mpya, watu wanapiga muziki kwa ajili ya mtu aliyefungwa upande wa pili wa maji.

#15 Mchuuzi wa Kanda
Aliachiwa lini? Nilisikia alinyongwa.

#16 Sauti ya Ng'ambo
@Mchuuzi hapana ndugu yangu. Baraza la wazee wa mahakama lilimkuta hana hatia, Juni 1972. Amekuwa profesa na yuko hai.

#17 Nyamwezi wa Mwisho
Swali la mshamba: kwa nini Kiswahili? Wale watu mababu zao walitoka Ghana, Nigeria, Senegali, Angola huko. Kiswahili kinawahusu nini? Si wangechukua Kiyoruba.

#18 Kalamu Butu
Kwa sababu ya Nyerere. Dar es Salaam miaka ile ilikuwa Makka ya wapigania uhuru, kamati ya ukombozi ya OAU ilikuwa na makao pale toka 1963. Malcolm X alipita Dar 1964. Ujamaa wenyewe umo kwenye zile nguzo saba za Kwanzaa ya Karenga. Hapo hakuna fumbo.

#19 Kibaraza cha Mji Mkongwe
Siyo Nyerere peke yake, usitubebee kila kitu mkapeleka Bara. Kiswahili hakina kabila la kukidai. Ukichukua Kiyoruba, Muigbo ananuna. Ukichukua Kiswahili hanuni mtu, labda sisi tu tukisikia mnavyokitamka.

#20 Sauti ya Ng'ambo
Na mimi niongeze la tatu ambalo ni la kawaida sana: Kiswahili ndicho kilichokuwa na vitabu. Mtu aliyetaka kujifunza lugha ya Kiafrika Los Angeles mwaka 1966 alipata kitabu cha Kiswahili na darasa la Kiswahili kwa urahisi kuliko lugha nyingine. Ndiyo maana nasema hata kama @Kalamu Butu una haki kuhusu kamusi, kamusi yenyewe ndiyo ilikuwa mlango.

#21 Mzee wa Gombesugu
Vijana mnaanzia 1966, mnachelewa. Mwaka 1960 mpiga piano wa jazi Randy Weston alirekodi "Uhuru Afrika" huko New York. Langston Hughes aliandika shairi la ufunguzi, na aliyelisoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Tanganyika bado tuko chini ya Mwingereza! Kwa hiyo masikio ya wanajazi yalishasikia Kiswahili cha mwenye nacho miaka kumi kabla ya hicho cha Mtume.

Na hiyo mnayoiita jazi siyo jazi. Jazi ni Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz. Mtu anavaa suti, gitaa la solo linalia, watu wanasimama kucheza. Hicho kingine ni mgonjwa anahema.

#22 FundiRedio
Shikamoo mzee. Hapo kwenye jazi tutakesha.

#23 Mzee wa Gombesugu
Marahaba. Tukeshe tu, usingizi wenyewe hauji siku hizi.

#24 Daktari wa Zamu
Naomba nimtetee mmoja, Mganga. Eddie Henderson ni daktari kweli, siyo wa kupiga ramli. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard na akatibu wagonjwa San Francisco huku anapiga tarumbeta. Na kabla hamjacheka kwamba mganga ni wa kienyeji, nawakumbusha kuwa serikali yetu ina Mganga Mkuu, mikoa ina Waganga Wakuu, na hawana tunguri. Jina hilo limekaa mahali pake kuliko yote.

Nimeandika haya saa tisa usiku nikiwa wodini. Henderson aliwezaje kuchanganya zamu na ziara za muziki sijui. Mimi nina zamu peke yake na nimeshindwa hata kumalizia upande B.

#25 Kalamu Butu
Nakubali kuhusu Mganga. Naondoa moja kwenye orodha. Zimebaki nne.

#26 Nairobi Mashariki
Nne? Umetaja Mwandishi, Mchezaji na Pepo. Hesabu yako na Kiswahili chako viko darasa moja.

#27 Kalamu Butu
Ya nne ni Mwile. Mwile ni nini? Kuna mwili, hakuna mwile.

#28 Tumba Nne
Mimi naamini ni mwili. Huku kwao ukisoma kwa macho ya Kiingereza, e ya mwisho huwa inapotea au inageuka. Mtu mmoja aliandika alivyosikia, mchapaji akaweka alivyoandikiwa, Maupin akaishi nalo. Na Maupin alishakuwa mtu kabla ya jina: ile klarineti ya besi inayounguruma kwenye "Bitches Brew" ya Miles ni yeye.

#29 Wa Lubumbashi
Jambo wote. Sisi huku ku Katanga Kiswahili yetu munaichekaka kila siku. Mwile, mwili, mtu anaelewa. Munataka Herbie Hancock apite ku BAKITA?

#30 Kibaraza cha Mji Mkongwe
@Wa Lubumbashi 👏 umenichekesha.

Sasa Pepo Mtoto, niachieni mimi kwa kuwa mnaongea msiyoyajua. Huku kwetu pepo ana jinsia, ana kabila, ana chakula chake na ngoma yake. Wale pepo wa Vibuki asili yao Bukini, yaani Madagaska, na wakipanda wanataka brandi. Kwa hiyo pepo mtoto si matusi wala si ajabu, ni pepo ambaye ni mtoto. Mswahili wa Pwani ukimwambia "pepo mtoto" atakuuliza tu anataka nini.

Halafu kuna pepo nyingine, ile tunayoomba kwa Mungu, peponi. Huenda walichotaka ni hiyo. Bwana Priester aliletewa neno moja lenye milango miwili na hakuna aliyemwambia.

#31 Mchungaji Msaidizi
Hili la kusifia mapepo silikubali.

#32 Tumba Nne
@Mchungaji hatusifii, tunachambua tromboni. Na Priester alilipenda hilo jina. Albamu yake ya 1974 kwa kampuni ya ECM, "Love, Love", imetoka kwa jina la Julian Priester Pepo Mtoto, limeandikwa lote. Huyu aliwahi kupiga na Sun Ra Chicago miaka ya 50, na yumo kwenye "Africa/Brass" ya Coltrane. Upande B mzima wa "Mwandishi", dakika 21 na ushei, ni utunzi wake: "Wandering Spirit Song". Roho inayotangatanga. Sasa niambieni kama pepo halijakaa.

#33 Kalamu Butu
Duh. Hilo sikuliunganisha.

#34 Mzee wa Gombesugu
Jabali nalo mmeliruka. Sisi Jabali tunayemjua ni mmoja, Marijani Rajabu, Jabali la Muziki. Safari Trippers, halafu Dar International. "Zuwena" mnaijua? Huyo Billy Hart jina kalichukua kabla au baada?

#35 FundiRedio
Mzee, hawa hawakujuana. Ila Billy Hart wapiga jazi wanamwita Jabali hadi leo, zaidi ya miaka hamsini. Jina likikaa mwilini hivyo si la kuazima tena.

Aah, mwileni.

#36 Wa Lubumbashi
😂😂😂

#37 Mchuuzi wa Kanda
Na mbona mmemsahau Ndugu? Kwenye jalada nimeona "Ndugu" Leon Chancler. Huyo ni wa chama au?

#38 Tumba Nne
Asante kwa kumtaja. Hakuwa mwanabendi, aliletwa kwa "Ostinato" pamoja na Chepito Areas, mpiga tumba wa Santana, na Ronnie Montrose wa gitaa. Chancler alikuwa na umri wa miaka 18. Ukivaa vipokea sauti utasikia dramu mbili zinajibizana. Na huyu Ndugu ndiye, miaka kumi na mbili baadaye, alipiga ile dramu ya "Billie Jean" ya Michael Jackson. Kila harusi mliyocheza hapa mmechezeshwa na Ndugu. Amefariki Februari 2018.

#39 Mzee wa Gombesugu
Enzi zetu kila mtu alikuwa Ndugu. Hata bosi anakufukuza kazi anaanza na "Ndugu".

#40 Nyamwezi wa Mwisho
Turudi kwenye muziki. Nimesikiliza hiyo "Ostinato" mara mbili. Napiga bendi ya harusi, kinanda. Kila nikigonga mguu, mguu unabaki nje. Kuna nini mle?

#41 Tumba Nne
Kumi na tano. Muziki wa kawaida unahesabu nane, unarudi. Huu unahesabu nane, halafu saba, halafu unarudi. Nusu pigo limekatwa mwishoni. Ile besi hairukiruki, inarudia maneno yale yale kama mtu anayesoma uradi, na klarineti ya besi inaikaba chini. Wengine wanatangatanga juu yake. Ukihesabu nne nne lazima uangukie shimoni. Usihesabu, shika besi tu.

#42 Nyamwezi wa Mwisho
Nimejaribu kuwapigia wenzangu mazoezini. Mpiga dramu wetu kaniuliza kama nimeanza kunywa mchana.

#43 Ngano Tatu
Kwa nini bendi ilivunjika sasa kama walikuwa wakali hivyo? Nasikia Hancock aliingia Ubudha akawafukuza.

#44 Tumba Nne
Chai hiyo. Ubudha ni kweli, lakini aliyempeleka ni Mchezaji mwenyewe, Buster Williams, mwaka 1972. Angemfukuzaje mtu aliyemwonyesha njia?

Bendi ilikufa kwa sababu ya pesa. Watu sita, ongeza mtu wa sinthesaiza, ongeza mitambo na wabeba mitambo. Muziki wa dakika ishirini redio haipigi. Hancock alikuwa anaingiza mirabaha yake ya nyimbo za zamani ili watu walale hoteli. 1973 akasema basi, akatengeneza "Head Hunters", ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Alimchukua Maupin peke yake.

#45 Sauti ya Ng'ambo
Pesa ni nusu. Mwenyewe ameeleza kwamba alichoka kuelea angani, alitaka kitu chenye udongo. Alikuwa anamsikiliza Sly Stone, mwanamuziki wa fanki. Mtu anaweza kufilisika na bado akaendelea kama bado anaupenda muziki ule.

#46 Mchuuzi wa Kanda
Anayesema pesa ni nusu hajawahi kulipa bendi.

#47 Nyamwezi wa Mwisho
#46 nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kuna ukumbi mmoja, sitautaja, hadi leo nawadai.

#48 FundiRedio
Wakuu mimi nimefurahi kwa sababu binafsi. Kwenye "Sextant" ya 1973, albamu ya mwisho ya bendi hii, kuna mtu ameandikwa jina moja tu: Fundi. Basi. Angalau jina moja hakuna wa kulisahihisha humu.

#49 Kibaraza cha Mji Mkongwe
Fundi cherehani au fundi bomba?

#50 FundiRedio
Mnaona sasa.

#51 Kalamu Butu
Nimerudi. Nimesoma yote, asanteni, isipokuwa @Nairobi Mashariki.

Juu ya Mwandishi bado nashikilia mtunzi. Lakini usiku wa jana nimelitazama jalada tena nikakumbuka kitu. Baba mdogo alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Mtaani walimwita Mwandishi, maana ndiye aliyekuwa anawaandikia watu barua. Hakujua neno la jazi, na sidhani kama aliwahi kuipiga hii santuri, haina hata mkwaruzo. Nadhani aliiona dukani, akaona jina lake, akanunua.

#52 Mzee wa Gombesugu
Hapo umesema kitu. Mungu amrehemu.

#53 Wa Lubumbashi
Pole sana.

#54 Nairobi Mashariki
Pole buda. Mwandishi wako alikuwa sahihi.

#55 Nyamwezi wa Mwisho
Pole mkuu. Samahani kurudisha watu nyuma, @Tumba Nne, nimekaa na "Ostinato" tangu saa nne. Nimehesabu kwa vidole mizunguko minne: kumi na tano, kumi na tano, kumi na nne, kumi na tano. Hiyo kumi na nne ni kosa langu au la Ndugu?